Maabara ya Mbali

Darasani mwetu watu sita huizunguka ammita moja, na mimi mfupi huona visogo tu. Ndiyo sababu habari hii ilinigusa.

Mwaka 1998 Profesa Jesús del Alamo wa chuo cha MIT, Marekani, aliunganisha mashine ya kupimia transista na intaneti. Mwanafunzi aliyekuwa mbali alituma maagizo, mashine ikapima transista ya kweli (si picha ati!), majibu yakamrudia. Kipimo kilichukua muda mfupi, kwa hivyo mashine moja ilitosha wengi wakipanga foleni.

Baadaye Makerere na Dar es Salaam wakajiunga. Kumbe hawakuanza upya! Programu ya kusajili wanafunzi na kuhifadhi majibu ilikwisha kuandikwa, wakaitumia hiyo hiyo, wakaongeza ya kuendeshea vifaa vyao. Ubao wa NI ELVIS nao una vipimio vingi ndani. Ukitaka jaribio jingine, unabadilisha saketi tu. Ni kama fundi wetu wa baiskeli hapa Endebess: gurudumu la hii, cheni ya ile, na unafika Kitale.

Lakini harufu ya amonia haipiti kwenye waya. Kemia bado tutabanana, jamani.