Kasuku Si Kuku: Yajue Haya Kabla Hujamweka Ndege Huyu Ndani ya Tundu



Miezi michache iliyopita niliitwa Kipsongo na kikundi kimoja cha akina mama na wazee. Walikuwa na akiba ya mwaka mzima mkononi na walitaka mradi. Mtu mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa amewaahidi kuwaletea kasuku wawili, dume na jike. "Mtawafuga kama kuku," aliwaambia, "na makinda mtawauzia matajiri wa Nairobi." Mimi niliitwa kwa jambo dogo tu: niwaandikie vipimo vya tundu, ili fundi aanze kazi.

Kabla sijaandika chochote, niliomba kuona kasuku aliye hai. Wakanipeleka kwa mzee mmoja wa kikundi, ambaye alikuwa na kasuku wake ndani ya kitundu cha waya, juu ya meko. Ndege alikuwa kifua wazi, hana manyoya.

"Mzee, huyu ndege ulimtoa wapi?" nikamwuliza.

"Ni dereva wa lori alinipa, Mama. Nilikuwa namdai pesa ya chakula. Hiyo ni miaka sita sasa."

"Na manyoya ya kifuani yamekwenda wapi?"

"Anajing'oa mwenyewe. Nilifikiri ni chawa."

Hayakuwa chawa. Siku hiyo nilielewa kwamba hatukuhitaji vipimo peke yake, tulihitaji kuzungumza. Mambo tuliyozungumza ndiyo haya ninayowaandikia, maana kikundi hicho si cha kwanza kuahidiwa utajiri wa ndege.

KASUKU NI NDEGE GANI?

Sisi wote tunalijua jina lake. Watoto wanaliona kwenye daftari, na sokoni tunapimiwa viazi kwa mkebe wa kasuku. Lakini ndege mwenyewe wachache wamemwona.

Kasuku tunayemzungumzia hapa ni yule wa rangi ya kijivu, mwenye mkia mwekundu. Urefu wake ni kama sentimita 33, na uzito wake ni kama gramu 400. Ni ndege wa misitu mikubwa, kutoka Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, mpaka kwetu. Hapa Kenya makao yake ya asili ni Msitu wa Kakamega, hapo tu ukishapita Webuye. Msitu huo ni kipande kilichobaki cha msitu mkubwa wa Kongo. Zamani kasuku waliruka juu yake kwa makundi. Leo waliobaki ni wachache sana, na mtu anaweza kutembea msituni siku nzima asisikie hata mmoja.

Wamekwisha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukatwa kwa miti mikubwa. Kasuku hajengi kiota kwa vijiti, yeye hutaga ndani ya shimo la mti mzee, na mti ukikatwa nyumba yake imekwenda. Ya pili ni biashara. Wategaji hupaka gundi kwenye matawi au hutoa makinda shimoni, na wengi hufa njiani kabla ya kufika sokoni. Kwa muda wa miaka 40 hivi, kasuku zaidi ya milioni 1 walisafirishwa nje ya Afrika. Nchini Ghana, wataalamu walikuta mwaka 2016 kwamba kati ya kila kasuku 100 waliokuwako mapema miaka ya 1990, 90 au zaidi wametoweka.

SHERIA INASEMA NINI?

Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu mtu anaweza kupoteza zaidi ya pesa.

Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Waliamua kumweka kasuku wa kijivu kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa zaidi. Uamuzi huo ulianza kazi Januari 2017. Maana yake ni kwamba kasuku aliyekamatwa porini haruhusiwi kuvushwa mpaka kwa biashara, awe ametoka Kongo, Uganda au popote.

Hapa nyumbani, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuweka mnyama au ndege wa porini bila kibali. Vibali hutolewa na KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Asiye na kibali anaweza kutozwa faini, au kufungwa, au vyote viwili. Kusema "nilipewa tu" si kibali. Na kama ni mradi wa kikundi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina ndio watakaoulizwa kwanza.

Kwa hiyo mtu akikuletea kasuku kwa gunia au kwa katoni usiku, jua kwamba anakuuzia kesi.

KWA NINI KASUKU SI MRADI WA KIKUNDI

Hata tuseme sheria haiko, hesabu yenyewe inakataa.

Kuku wa kienyeji anaanza kutaga akiwa na miezi sita au saba hivi. Kasuku anakaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Dume na jike wanafanana sana, mtu hawezi kuwajua kwa macho. Hao "dume na jike" mnaouziwa wanaweza kuwa madume wawili. Hata wakiwa dume na jike kweli, wasipopendana hawatagi. Wakitaga, ni mayai matatu hadi matano tu. Wanaatamia karibu mwezi mmoja, na makinda hukaa shimoni kama wiki 12 wakilishwa mdomoni.

Tena kasuku anaishi miaka mingi. Akitunzwa vizuri anafika miaka 40, wengine 60. Mtu wa miaka 55 akichukua kinda leo, huyo ndege ataachiwa wajukuu. Je, wajukuu wamekubali?

KAMA TAYARI YUKO NYUMBANI

Najua wako wasomaji ambao wana kasuku kwa kibali, na wako wengine kama yule mzee wetu. Kwa hawa wa pili, ushauri wangu ni mmoja: nenda mwenyewe katika ofisi ya KWS iliyo karibu, kama pale Saiwa au Mlima Elgon, ueleze ukweli. Usimwuze, maana kumwuza ni kosa jingine. Wala usimwachilie tu aruke. Ndege aliyezoea tundu hajui kujitafutia chakula, na anaweza kupelekea ndege wa porini ugonjwa.

Lakini mpaka mambo yake yaamuliwe, huyo ni kiumbe aliye mikononi mwako. Mtunze hivi:

1. Tundu lenyewe. Kasuku akikunjua mabawa anafika karibu nusu mita. Tundu lisilomruhusu kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa waya ni jela. Vipimo vya chini kabisa ni futi 3 upana, futi 2 kina na futi 4 urefu kwenda juu. Ukiweza zaidi, ni afadhali. Liwe la pembe nne, si la mviringo, ili ndege apate kona ya kujificha akiogopa.

2. Nondo na waya. Nafasi kati ya nondo iwe sentimita 2 hadi 2.5. Ikizidi hapo kichwa kinapita na kunasa. Waya wa kuku haufai. Kasuku ana mdomo wenye nguvu, anautafuna, na ile rangi ya fedha iliyopakwa juu yake ina zinki, ambayo ni sumu kwake. Vilevile rangi za zamani zenye risasi ni sumu. Mwambie fundi atumie chuma kigumu. Mlango uwe na kufuli au komeo la kweli, maana kasuku hujifunza kufungua komeo jepesi kwa siku chache.

3. Fito za kukalia. Usiweke fimbo moja iliyolainishwa. Kata matawi ya mpera yasiyopigwa dawa, yawe ya unene mbalimbali, ili miguu isipate vidonda. Usiweke fito juu ya chombo cha maji, kwa sababu kinyesi kitaangukia humo.

4. Mahali pa kuweka. Si jikoni. Mapafu ya ndege ni mepesi sana, moshi wa kuni na wa makaa humwua polepole. Na sufuria za kisasa zisizoshika chakula, zikiungua, hutoa hewa inayoweza kumwua ndege mara moja. Weka tundu sebuleni, upande mmoja ukiegemea ukuta, mbali na upepo. Kila siku apate jua la asubuhi au la jioni, na asikose kivuli. Bila jua mwili wake hautumii kalisiamu, na kasuku wa kijivu akikosa kalisiamu huanguka kifafa.

5. Chakula. Wengi huwapa mbegu za alizeti na njugu basi. Hizo ni mafuta matupu, na ini huharibika. Mpe sukuma wiki, terere, karoti, malenge, mahindi mabichi, maharagwe yaliyopikwa, papai, embe, na yai la kuchemsha mara moja moja. Njugu iwe kama peremende, moja mbili za kumpongeza. Njugu au mahindi yaliyoota ukungu yatupe kabisa. Usimpe kamwe avokado, chokoleti, kahawa, pombe, kitunguu wala chakula cha chumvi. Avokado, ambayo sisi tunayo kila shamba, inaweza kumwua kwa siku moja au mbili. Maji yabadilishwe kila siku.

6. Usafi. Toa uchafu wa chini kila siku. Mara moja kwa wiki osha tundu lote kwa maji ya moto na sabuni, suuza, anika. Mnyunyizie ndege maji safi mara mbili tatu kwa wiki, mchana kukiwa na joto. Kasuku hutoa vumbi jeupe la manyoya, na kuoga hulipunguza.

7. Kazi na wenzake. Hapa ndipo wengi wanakosea. Nchini Marekani, mtaalamu Irene Pepperberg alimfundisha kasuku mmoja aitwaye Alex kuanzia mwaka 1977 mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alijua maneno kama 100, rangi, maumbo, na kuhesabu mpaka 6. Sasa fikiria akili ya namna hiyo ikifungiwa peke yake kutwa nzima, bila kitu cha kufanya. Itafanya nini? Itajing'oa manyoya. Ndiyo habari ya yule ndege wa mzee. Mpe magunzi ya kupasua, vipande vya mti laini, chakula kilichofungwa ndani ya maganda ya mahindi akifungue mwenyewe. Mtoe tunduni kila siku kwa saa chache, milango ikiwa imefungwa, na mtu akae naye. Usiku alale saa 10 mpaka 12 penye giza na kimya.

AFYA YAKE NA AFYA YAKO

Kasuku mgonjwa huficha ugonjwa. Ukimwona amevimbisha manyoya mchana, anakaa chini ya tundu, hali, au mkia unapanda na kushuka akipumua, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tena kuna ugonjwa unaoitwa homa ya kasuku. Mtu huupata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu cha ndege mgonjwa. Huleta homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, na unaweza kuwa nimonia. Unatibika kwa dawa, lakini daktari asipojua kwamba unaishi na ndege, anaweza kudhani ni malaria au kitu kingine. Basi mwambie. Unaposafisha tundu, lowesha uchafu kwanza, funga kitambaa puani, nawa mikono. Watoto wadogo wasilale chumba kimoja na tundu.

KIKUNDI KILIAMUAJE?

Tuliyazungumza haya kwa siku mbili. Haikuwa rahisi, maana yule mtu alikuwa amekwisha ahidi faida kubwa na wengine walikuwa wameanza kuitumia kwa mawazo. Mama mmoja ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Mimi sijui kasuku. Lakini najua mtu akitaka nilipe usiku, hataki nimjue mchana." Wakapiga kura, wakakataa. Akiba ile imekuwa banda la kuku wa kienyeji na chanjo zake.

Mzee wetu naye amehamisha ndege kutoka juu ya meko. Kikundi kimemsaidia kutengeneza tundu la vipimo nilivyoandika hapo juu, na wajukuu wana zamu ya kukaa na ndege kila jioni. Manyoya machache yameanza kuota. Wiki ijayo ninakwenda naye KWS. Anaogopa, na mimi sitamdanganya: inawezekana ndege atachukuliwa. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kama ataenda, Mama, aende akiwa amevaa."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mtu akituletea mradi wa faida ya haraka, tunamwuliza maswali gani kabla ya kutoa akiba?

2. Je, katika kijiji chetu kuna mtu aliye na ndege au mnyama wa porini? Tutamsaidiaje aende KWS bila kumwaibisha?

3. Ni miti gani mizee iliyobaki kwetu yenye mashimo ya ndege? Nani anailinda?