Msalaba wa Kusini: Dira Isiyonunuliwa

Katika makundi 88 ya nyota yaliyokubaliwa na wataalamu wa elimu ya nyota mwaka 1922, lililo dogo kupita yote ni Msalaba wa Kusini. Mtu aliyeko Uingereza hawezi kuuona kamwe. Lakini mkazi wa Kiptere, akiwa kusini kidogo ya Ikweta, huuona kwa macho matupu. Basi si vema mali hii ipite mbele yetu kila mwaka nasi hatuijui.

Husemwa mara nyingi kwamba Msalaba huu ulivumbuliwa na mabaharia wa Ulaya. Neno hilo lataka kupimwa. Yapata mwaka 150, Ptolemy, mtaalamu wa Aleksandria katika Misri, alikwisha kuziandika nyota hizo, ila alizihesabu pamoja na Kentauro, kiumbe wa hadithi za Wayunani aliye nusu mtu na nusu farasi. Lakini dunia huyumba polepole mfano wa pia inayozunguka, na yumbo moja huchukua miaka 26,000 hivi. Kwa ajili hiyo nyota hizo zilizidi kushuka chini ya upeo wa macho ya watu wa kaskazini, hata wakazisahau.

Waliposafiri kusini waliziona kama kitu kipya. Andrea Corsali wa Florence aliusifu msalaba huo katika barua iliyopigwa chapa mwaka 1516, na mwaka 1598 Petrus Plancius, Mholanzi, aliuchora katika tufe la nyota. Kumbe walikuwa wamekiona tena kilichowapotea. Huku kwetu haukupotea.

Ukitaka kuutambua, toka nje mwishoni mwa Mei, karibu saa tatu ya usiku, mvua ikiwa imekatika. Elekea kusini, utazame theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hapo nyota nne zimesimama wima. Ile ya juu ina wekundu kidogo, na nuru yake uionayo iliondoka huko miaka kama 90 iliyopita. Kushotoni ziko nyota mbili kali, kana kwamba zauonyesha Msalaba kwa kidole. Jihadhari na msalaba wa uongo ulio upande wa kulia: huo ni mkubwa zaidi, nuru yake hafifu, wala hauna nyota mbili hizo kando yake.

Msalaba ukisimama wima, shusha mstari kutoka nyota ya juu, upite ya chini, mpaka upeo wa macho: hapo ndipo kusini. Apitaye usiku katika mashamba ya chai, ambako kilima hufanana na kilima, atajua faida yake.

Wazee wetu nao walisoma mbingu. Watu wa pwani walikiita Kilimia kile kikundi cha nyota kilichowaonyesha majira ya kulima. Wanandi wakakiita Koremerik, wakabashiri mavuno kwacho. Kwa hiyo, ewe kijana, kabla ya kuridhika na jina la mabaharia, mwulize babu yako nyota hizi nne zaitwaje katika lugha ya nyumbani, ukaliandike jina hilo. Nyota zitakuwapo kesho. Lakini jina lisiloandikwa huenda likazikwa pamoja na mwenye kulijua.