Viraka vya Msitu Kando ya Mto Tana

Ukitoka Garsen, nchini Kenya, ukapanda na mto kuelekea Wenje, nchi ni kavu, vichaka vya miiba na malisho ya wafugaji Waorma. Mvua ya huku haitoshi kulea msitu. Lakini kando ya Tana mikuyu na mikindu imesimama kijani mwaka mzima, kwa sababu mizizi yake hunywa maji ya mto yanayopenya chini ya ardhi. Ukiuacha mto kwa kilomita moja au mbili, maji hayo yako mbali mno, na msitu unakoma.

Kwa hiyo msitu huu ni viraka tangu asili. Vingine havifiki hekta moja, vingine ni mamia ya hekta. Ndimo wanamoishi kima wa aina mbili wasiopatikana kwingine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Sensa ya 1994 ilikadiria mbega 1,100 hadi 1,300, na mangabei 1,000 hadi 1,200.

Wapokomo wamelima kingo hizi vizazi na vizazi, na kila shamba jipya hupanua mwanya kati ya kiraka na kiraka. Lakini mwanya huo hauwaathiri mbega na mangabei sawasawa. Mangabei hushuka chini na kuvuka uwanda kwa miguu. Shida yake kubwa ni chakula: hupenda tunda la mkindu, na mkindu huohuo watu huugema tembo, husukia mikeka na kuezekea nyumba. Mbega ni mla majani wa juu mitini, hashuki ovyo. Shamba la mahindi ambalo mangabei hulivuka, kwa mbega ni ukuta. Ramani moja, misitu miwili.

Mtafiti David Mbora na wenzake waliona jambo jingine. Miti ikikatwa, kima husongamana katika kiraka kilichobaki, na msongamano huo huwaongezea minyoo ya tumbo. Pahali palipojaa kima si lazima pawe na heri.

Msumeno, hata hivyo, si adui pekee, na pengine si mkubwa zaidi. Tana hubadili njia. Mkondo wa zamani ukikauka, msitu wake hufa polepole, na mafuriko huweka tope jipya kwingine ili miche iote. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, hasa Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yamepunguza mafuriko hayo. Miti mikubwa bado ipo, kwa kuwa iliota zamani. Ni warithi wake wanaokosekana.

Hifadhi ya kima hawa ilitangazwa mwaka 1976. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kuwa haikuanzishwa kwa kufuata sheria, baada ya wenyeji kushtaki. Sioni ajabu: ardhi yao ilitengwa bila wao kuulizwa. Lakini hata hifadhi yenye hati safi haiamuru maji yafunguliwe Masinga, na bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, limo katika mipango ya serikali. Swali la kuulizwa kabla ya zege kumwagwa ni moja: litaachia mafuriko kiasi gani, na mwezi gani?