Mazungumzo ya Amani: Kujifunza Kutengeneza Picha Bila Kuharibu Ukweli

 

Juma lililopita vijana wa kikundi kimoja cha wakimbizi wa ndani waliniambia hivi: «Tufundishe kutengeneza picha kwa kompyuta na kwa simu, tupate kazi kwenye maduka ya foto.» Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nao akauliza: «Na hayo yanaingiaje katika mazungumzo ya amani?» Leo nitawajibu vijana na mzee kwa pamoja. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mzee aliyekatwa

Miaka kadhaa iliyopita, jamii mbili za bonde la Ruzizi, ambazo sitazitaja, zilikaa siku mbili kupatana juu ya njia ya ng'ombe inayopita kando ya mashamba. Walipomaliza walisimama chini ya mwembe, wakapigwa picha. Mimi nilipewa kazi ya kuitengeneza ili ibandikwe sokoni na makanisani. Mwisho wa mstari, upande wa kulia, alisimama mzee mmoja, uso wake nusu kivulini, na nyuma yake baiskeli imeegemezwa mti. Picha haikuenea kwenye karatasi, nami nikaikata upande ule. Sikufikiri neno lolote baya. Nilitaka tu ipendeze.

Tukachapa nakala thelathini. Hazikupita siku tatu, watu wa upande wa mzee yule wakaanza kusema: «Mzee wetu amekatwa. Kama amekatwa kwenye karatasi, basi amekatwa hata kwenye mapatano.» Vijana wakatangaza kwamba hawaitambui tena ile njia.

Nilimwendea mzee nyumbani kwake. Kwa bahati picha ya asili ilikuwa bado kwenye kadi ya kamera. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akajiona amesimama kando ya baiskeli. Akasema: «Nipo. Basi, nenda ukachape nyingine.» Tulichapa nyingine, nikazibandua zile za kwanza kwa mkono wangu. Mapatano yakaponea hapo. Kama ningekuwa nimeifuta ile picha ya asili, sijui ningemwonyesha nini.

Wengine wamefanya kwa makusudi yale niliyoyafanya kwa kutojua. Huko Muungano wa Kisovieti, mkuu wa polisi ya siri Nikolai Yezhov alipigwa picha na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Baada ya Yezhov kuuawa mwaka 1940, picha ile ilionekana bila yeye: aliposimama pakawa maji tu. Wakati ule hakukuwa na kompyuta. Walitumia wembe, rangi na subira. Leo mtoto mwenye simu anaweza kufanya hivyo kwa dakika moja, ndiyo maana anayeanza kujifunza kazi hii lazima ajifunze na adabu yake.

Picha ni nini ndani ya mashine

Ndani ya kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema, picha ni vitone vidogo vilivyopangwa kama shanga kwenye mkeka. Kila kitone, kinachoitwa pikseli, kina rangi yake. Picha yenye vitone 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo ina vitone milioni 12. Kutengeneza picha ni kuamuru mashine ibadilishe rangi za vitone hivyo, au iondoe baadhi yake. Kitone kilichoondolewa na kuhifadhiwa hivyo hakirudi.

Programu za kazi hii ni nyingi. Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ndiyo maarufu kuliko zote, lakini hulipiwa. Nakala zake za wizi zinazozunguka kwenye flashi huweza kuleta virusi. Kwa anayeanza, nashauri GIMP. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, waliianza mwaka 1995, na hutolewa bure. Ukiisha kuiweka kwenye kompyuta, haihitaji intaneti. Kwenye simu ipo Snapseed, ambayo nayo ni bure. Hata bila programu hizo, simu nyingi zina sehemu ya kurekebisha picha, nayo yatosha kwa mafunzo ya kwanza.

Hatua za kwanza

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kugusa chochote. Fanya nakala ya picha, ya asili uiweke kwenye folda yake, na kazi yote uifanye kwenye nakala. Kama kuna flashi, weka nyingine huko. Kumbuka pia kwamba ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa, na habari za siku na saa zilizofichwa ndani yake hupotea. Unayetaka kumpelekea mtu ya asili, itume kama dokima, si kama picha.

Hatua ya pili ni kunyoosha na kupunguza kingo. Nyoosha picha iliyolala upande. Kisha, kabla ya kukata, jiulize: nani yuko pembeni? Kuna kitu gani pale kinachoeleza mahali au tukio? Ukikata jengo lisilo na maana, hakuna neno. Ukimkata mtu aliyehudhuria, umebadilisha habari.

Hatua ya tatu ni mwanga. Jua letu la saa sita huacha nyuso zetu gizani chini ya kofia na vitambaa. Ongeza mwanga kidogo kidogo, ukitazama macho ya mtu. Macho yakionekana, simama. Usimfanye mtu kuwa mweupe kuliko alivyozaliwa; hilo halimpi heshima. Ukikosea, bonyeza Ctrl pamoja na Z, mashine itarudi nyuma hatua moja.

Hatua ya nne ni tabaka. Fikiri juu ya karatasi za nailoni zinazopitisha mwanga, moja juu ya nyingine. Picha iko chini, maandishi yako juu. Ukikosea maandishi, unaondoa karatasi ya juu, na picha inabaki salama. Kwenye tabaka hilo la juu andika mambo matatu: mahali, tarehe, na tukio. Picha isiyo na maandishi ni kama kuku asiye na mwenyewe: kila mtu atasema ni wake.

Hatua ya tano ni kuhifadhi. Katika GIMP, ukihifadhi kwa namna yake, iitwayo XCF, tabaka zote zinabaki. Ukitaka kuchapa au kutuma, toa nakala ya JPEG. Usiifungue na kuihifadhi JPEG ileile mara nyingi, kwa maana kila mara hupoteza usafi kidogo. Kwa karatasi ya sentimeta 10 kwa 15, vitone 1200 kwa 1800 vyatosha. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila kuaga, hifadhi kila baada ya dakika chache.

Kuficha uso wa mtu

Kuna picha ambazo hazifai kuonyesha uso: mtoto aliyeokotwa njiani, mama aliyetendewa ukatili, shahidi wa kesi. Hapa wengi hukosea. Hupitisha kalamu ya rangi ya simu juu ya uso, wakidhani wamemaliza. Kalamu ile mara nyingi hupitisha mwanga. Mtu mwingine akiongeza mwanga, uso unatokea tena. Ukungu mwepesi nao hautoshi. Tumia kisanduku cheusi kizito kabisa, kisha utoe nakala ya JPEG, usimpe mtu faili lenye tabaka. Tazama tena: je, jina la shule halionekani kwenye shati? Kovu, namba ya hema, mlango wa nyumba?

Lakini kuna wakati uso ndio msaada wenyewe. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, maelfu ya watoto walipotezana na wazazi. Unicef na Msalaba Mwekundu waliwapiga picha, zikabandikwa kwenye mbao ili wazazi wazitazame. Kwa kazi ya namna hiyo uso uwe wazi, usilainishwe, kovu lisifutwe. Kwa kovu hilo mama humtambua mtoto wake. Wala usiitupe picha ya mtoto aliyepotea kwenye kila kikundi cha simu pamoja na mahali anapolala. Wenye nia mbaya nao husoma. Ipeleke kwa Msalaba Mwekundu, ambao hutafuta ndugu waliopotezana bila kudai malipo.

Picha ya ushahidi

Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, watu wengi walipiga picha za nyumba zao. Mama mmoja alipeleka ya kwake kwenye duka la foto ili ichapwe. Kijana wa duka, kwa moyo mwema, alimsafishia ukuta: akafuta alama ya tope iliyoonyesha maji yalifika kimo gani. Picha ilipendeza sana, lakini haikushuhudia tena kitu. Mwanawe alikuwa na ya asili kwenye simu ya zamani, ndipo akapata pa kuanzia.

Kwa hiyo, picha ya nyumba, shamba au mpaka wa kiwanja usiipambe. Piga moja kwa mbali ili jirani na mti wa mpaka vionekane, nyingine kwa karibu. Hakikisha saa na tarehe ya simu ni sawa.

Kabla ya kutuma

Februari 2025, baada ya Bukavu kutekwa, na tena Desemba 2025 vita vilipofika Uvira, jamaa nyingi zilivuka kwenda Burundi. Katika siku kama hizo picha ya zamani iliyoandikwa maneno mapya inaweza kuwahamisha watu usiku bila sababu, au kuwapeleka kwa jirani na mapanga. Siku hizi zipo hata picha zinazoundwa nzima na akili bandia, za mambo ambayo hayakutokea. Ukipokea picha ya kutisha, uliza: nani aliipiga, wapi, lini, na ya asili iko kwa nani? Mpigie mtu aliye mahali pale. Usipopata jibu, isiondoke kwenye simu yako.

Machifu, lijueni na hili: sheria ya nchi yetu juu ya mambo ya mitandao, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inamwadhibu anayeanzisha na hata anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia hiyo. Kusema «mimi nilitumiwa tu» si kinga. Na Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu, pamoja na yule anayelala hemani.

Vijana, kazi hii ina mkate ndani yake. Jifunzeni. Mzee, nadhani nimekujibu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi vya wasikilizaji

1. Katika mtaa wenu, picha gani iliwahi kuleta hofu au ugomvi? Nani alijua ukweli wake, na aliulizwa lini?
2. Kabla ya kubandika picha ya mkutano wa upatanisho, nani aitazame kwanza?
3. Jamaa zilizohama zitunze wapi picha za asili za nyumba na mashamba yao?