«Munganga» mmoja, kazi nne

Hapa Lubumbashi, mchezaji akianguka uwanjani, sisi watazamaji tunaita: «Munganga!» Neno hilo moja linafunika kazi nne. Daktari hutambua jeraha na kuamua kama mchezaji anaweza kuendelea. Mtaalamu wa fiziotherapia, tunayemwita kine, hurudishia kiungo nguvu na mwendo wake. Mkandaji hulegeza misuli. Kocha wa viungo humzoesha mchezaji mbio tena.

Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Niliwahi kuona mchezaji aliyegongwa kichwani akirudishwa uwanjani na mkandaji, eti kwa sababu ndiye aliyebeba mfuko wa dawa. Mtikisiko wa ubongo huweza usionyeshe damu wala kidonda. Tukimtaja kila mmoja kwa kazi yake, tutajua nani wa kuulizwa.