Ukarabati wa Filamu Usiishie Maabarani

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, lakini katika uwanja wa filamu inapwaya. Filamu nzuri isiyotangazwa huoza kabatini sawasawa na ile mbovu, maana ukanda hauchagui sanaa unapochakaa. Nitatoa mfano mmoja.

Mnamo mwaka wa 1973, Djibril Diop Mambéty wa Senegal alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, Touki Bouki. Inamhusu Mory, mchunga ng'ombe anayeendesha pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe, na Anta, mwanafunzi wa chuo kikuu. Vijana hawa wanatamani kuihama Dakar waende Paris, nao wanaiba ili kupata nauli. Matukio yake hayafuatani kwa mpango tuliouzoea. Si filamu ya kujaza majumba ya sinema. Hata hivyo, ilijipatia wafuasi sugu walioisimulia na kuitafuta miaka nenda miaka rudi. Mambéty alifariki mwaka wa 1998, akiwa ameacha filamu ndefu mbili tu.

Mapenzi ya wafuasi, hata yawe makubwa kiasi gani, hayazuii ukanda kuharibika. Rangi hufifia, mikwaruzo huzidi, sauti hukwama. Kuukarabati ni kazi ya subira. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, kwa hivyo filamu ya karibu dakika 90 ina picha zaidi ya 120,000, na kila moja hunakiliwa na kukaguliwa. Kazi hiyo hutaka mitambo, mafundi na fedha nyingi.

Fedha hizo zilitoka wapi? Mwaka wa 2007 Martin Scorsese, mwelekezi wa filamu wa Marekani, alianzisha wakfu wa kuokoa filamu za mataifa yaliyosahauliwa. Mwaka uliofuata Touki Bouki ikakarabatiwa katika maabara ya mji wa Bologna, Italia, kwa ushirikiano na jamaa za Mambéty. Miongoni mwa wafadhili walikuwa Armani na Cartier, wauzaji wa mavazi na vito vya matajiri. Aidha, ukanda asilia ulitoka katika maabara ya Ufaransa. Hapa pana kinaya kizito: katika filamu, Mory anafika bandarini na kushindwa kupanda meli, ilhali ukanda unaosimulia habari zake ulikuwa umekwisha kuvuka bahari zamani.

Matangazo nayo yalifanya kazi yake. Mwaka wa 2013 filamu hii iliuzwa katika mkusanyo wa filamu sita zilizookolewa na wakfu huo. Mwaka wa 2018 wanamuziki Beyoncé na Jay-Z walitangaza ziara yao kwa picha iliyoiga ile pikipiki yenye pembe. Mamilioni ya watu waliiona pikipiki. Ni wangapi waliomfahamu Mambéty? Picha inaweza kusifika kote duniani huku aliyeibuni akibaki gizani.

Sisemi haya ili kuwabeza wafadhili. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: bila wao tungekuwa tunaomboleza. Vilevile, mradi uliozinduliwa mwaka wa 2017 na wakfu wa Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika na UNESCO, wa kuokoa filamu 50 za Afrika, ni wa kupongezwa. Ninalosema ni kwamba anayelipa ndiye anayechagua kitakachookolewa, kitakapohifadhiwa na lugha kitakayofasiriwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Suala la lugha ndilo linaloniwasha zaidi. Katika Kiwolofu, touki ni safari na bouki ni fisi. Wanafunzi wangu waliitazama filamu hii kwa tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, na wengi walisinzia. Nilipowaeleza maana ya jina lake, mmoja alisema mara moja: "Njia mbili zilimshinda fisi!" Darasa zima likazinduka. Ghafla Mory, aliyesimama kati ya meli na nyumbani, akawa mtu wanayemfahamu tangu hadithi za utotoni. Neno moja la Kiswahili lilifungua mlango ambao kurasa za maelezo zilishindwa kuufungua.

Kwa hivyo, kila anayechangisha fedha za kukarabati filamu ya Afrika na atenge fungu la mambo mawili zaidi: kufasiri filamu hiyo kwa lugha za Waafrika, na kuifikisha katika shule na vyuo vyao. Gharama ya tafsiri ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya maabara. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tunao ujuzi huo, tusingoje kualikwa. Idara ya Kiswahili inaweza kuifanya tafsiri ya aina hii kuwa zoezi la muhula mmoja, baada ya kuomba idhini ya wenye haki.

Asiyekujua hakuthamini. Filamu iliyosafishwa ikang'aa, kisha isitazamwe na watoto wa bara iliyozaliwa, imebadilishiwa kabati tu.