Ligi Ilivunjika, Nyumba Yangu Nayo Ikatikisika

Vyuo 10 vya Marekani viliiacha ligi yao ya zaidi ya miaka 100 na kufuata pesa za televisheni. Mume wangu alikuwa upande wa walioachwa, binti yetu upande wa walioondoka. Mimi nilikuwa katikati, mwiko mkononi.

Jamani, kuna ugomvi mwingine wa ndoa ukimsimulia mtu anakucheka. Nimesikia wanaogombana kwa ajili ya nyumba ndogo, wanaogombana kwa ajili ya mawifi, wanaogombana kwa simu iliyoita saa 6 usiku. Mimi na baba watoto tuligombana kwa ajili ya michezo ya vyuo. Tena si kwa matokeo ya mechi, la hasha! Tuligombana kwa sababu ya nani anacheza ligi na nani.

Usicheke kwanza, shoga yangu. Nisikilize.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mume wangu ni Mnandi wa Kenya, na makazi yetu ni Portland, jimbo la Oregon, Marekani ya magharibi. Mwenzangu alifika nchi hii miaka ya 1990 kusoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Washington State, kwenye mji mdogo wa Pullman uliozungukwa na mashamba ya ngano. Kwa nini Pullman na si New York kama watu wengine? Kwa sababu ya Henry Rono. Huyo naye Mnandi. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo hicho, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000 kule Berkeley, mita 3,000 kuruka viunzi na maji kule Seattle, mita 10,000 kule Vienna na mita 3,000 kule Oslo. Kijijini kwa mume wangu habari hiyo ilisimuliwa kama hadithi za mababu.

Mume wangu hakuwa Rono. Alikimbia kidogo, akasoma sana. Lakini mapenzi yake kwa chuo kile hayajapoa hata siku moja. Ana kofia yake nyekundu ya Pullman ambayo haifuliwi. Nilipoolewa niliikuta, na nikaambiwa waziwazi: hiyo usiiguse.

Ligi ni kama ndoa ya mitara

Najua ndugu zangu wa Bongo mtaniuliza: ligi si ni ligi tu? Hapana. Kule wanaiita konferensi, yaani kundi la vyuo vilivyokubaliana kucheza pamoja, kupanga ratiba pamoja na kugawana pesa za televisheni. Simba wakiichoka Ligi Kuu yetu hawawezi kuamka asubuhi wakasema wanahamia ligi ya Misri. Kule Marekani, chuo kinaweza.

Ligi ya huku kwetu magharibi ilizaliwa Desemba 1915, hapahapa Portland, hotelini. Vyuo vilikuwa 4: Washington, Oregon, California cha Berkeley, na kile kinachoitwa leo Oregon State. Washington State kikaingia 1917, Stanford 1918. Wakati wa Rono walikuwa 8. Mwaka 1978 wakafika 10, na 2011 wakawa 12, ndipo ikaitwa Pac-12.

Mambo yalianza kuharibika Juni 2022. Vyuo 2 vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kwamba vitahamia Big Ten, ligi ambayo mizizi yake iko katikati ya Marekani na matawi yake yamefika hadi New Jersey, pwani ya pili. Mwezi wa 8 mwaka huohuo Big Ten ikasaini mkataba wa miaka 7 na Fox, CBS na NBC, thamani yake ikitajwa kuzidi dola bilioni 7. Penye udhia penyeza rupia, bwana! Huku Pac-12 ikihangaika kutafuta mkataba wake, na kilicholetwa mezani kikawa hasa ni cha kuonyesha mechi kwa intaneti kupitia Apple, malipo yakitegemea watu wangapi watajiunga.

Julai 2023 Colorado akarudi Big 12, ligi aliyoihama 2011. Ndiyo, alirudi kwa mume wa zamani! Tarehe 4 Agosti 2023, siku moja tu, wakaondoka 5: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Septemba 1, Stanford na Berkeley wakakubaliwa katika ligi ya Pwani ya Atlantiki, ilhali wenyewe wanaishi upande wa Pasifiki. Tena waliingia kwa unyonge, wakikubali kwa miaka 7 kupokea asilimia 30 tu ya mgawo wa mwanachama kamili.

Wakabaki 2: Oregon State na Washington State. Chuo cha mume wangu kikabaki na vyombo jikoni.

Begi lilikuwa kitandani

Sasa ngoja nikwambie kilichoniuma mimi. Siku ile ya Agosti 4, begi la binti yetu lilikuwa wazi kitandani. Anacheza mpira wa wavu, mrefu kama baba yake, na alikuwa amepata udhamini katika chuo kimoja kati ya vile 10 vilivyoondoka. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa anaripoti kambini wiki ileile.

Alikichagua chuo kile kwa sababu moja kubwa: ukaribu. Mimi mwenyewe niliondoka Tanga nikiwa na miaka 24, na mama yangu alinizoea kwa sauti ya simu mpaka alipotangulia mbele ya haki. Niliapa mwanangu nitamwona kwa macho. Mechi nyingi zingekuwa mwendo wa gari, tungebeba maandazi na chupa ya chai, tukamshangilie, turudi.

Taarifa ilipotoka, mume wangu alisimama mlangoni mwa chumba, akaliangalia lile begi, akasema: "Mwacha asili ni mtumwa." Akaondoka. Binti akaniangalia. "Mama, ananiambia mimi?"

Nikamwambia hapana, anawaambia wakubwa wa vyuo. Nilidanganya, na nilijua ninadanganya.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na mipaka. Baba akawa hasemi jina la chuo cha binti yake. Akakiita "walioolewa na tajiri". Mwaka ule wa kwanza ratiba ilikuwa bado ya zamani, maana kuhama kulianza rasmi Agosti 2024, hivyo nilikwenda mechi 9. Yeye alikuja 2, akakaa mikono kifuani. Februari 2024 Rono akafariki dunia huko Kenya. Mwenzangu alivaa ile kofia siku 3 mfululizo. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa na hasira pia. Mtu anaweza kuomboleza ligi, akamsahau mtoto?

"Sikuhama, nilihamishwa"

Msimu wa 2024 ndio ulioonyesha rangi halisi. Hapa kuna jambo wengi hawalioni. Uamuzi wa kuhama ulifanywa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani, kwa sababu ndiyo inayoleta pesa za televisheni. Futiboli wanacheza mechi 12 za kawaida kwa msimu, nyingi Jumamosi. Lakini wakihama wao, wanabebwa na wengine wote: wavu, soka ya wasichana, tenisi, wakimbiaji. Timu ya wavu ya Big Ten ilikuwa na mechi 20 za ligi. Nusu yake ni ugenini, na ugenini sasa kunaweza kuwa New Jersey au Maryland. Ni kama kutoka Dar hadi Cairo, ucheze, kisha urudi darasani.

Usiku mmoja wa Oktoba simu iliita. Kwetu ilikuwa saa 4, kwake saa 7 usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala?"

"Nina mtihani wa kemia kesho, nitaufanyia hapa hotelini. Mama, sijui hata leo ni siku gani."

Akalia. Si kilio cha deko, ni kile cha mtu mzima aliyechoka. Mimi nilikuwa jikoni, nikakaa chini sakafuni na simu sikioni. Nilimpa maneno yote ya mama, lakini maneno hayambebi mtu.

Akaniambia na jambo ambalo sikulijua. Septemba 14, Washington State walicheza na Washington kule Seattle, mechi yao ya jadi inayoitwa Apple Cup, wakashinda 24 kwa 19. Walioachwa waliwapiga walioondoka! Mume wangu aliruka mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe baadaye alimpigia binti yake: "Umeona? Hivyo ndivyo wanavyolipwa waliohama." Naye akamjibu: "Baba, mimi sikuhama. Nilihamishwa." Akakata simu. Ilikuwa imepita karibu mwezi hawajazungumza, na mimi naishi nao sijui.

Usiku ule sikusubiri asubuhi. Nilimwamsha mwenzangu, nikamwambia: "Baba watoto, wale marais wa vyuo walitazama jina na pesa, hawakumtazama mtoto. Wewe unatazama jina na kofia. Tofauti yenu iko wapi?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha Eldoret: "Unajua, mimi nilipofika Pullman sikuwa na mtu. Ile timu ndiyo ilikuwa familia yangu. Wakati waliachwa, niliona ni kama ni mimi nimeachwa."

Nami sikuwahi kuuliza. Miaka yote ya ndoa nilidhani ni ushabiki tu.

Boga na ua lake

Waswahili walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Novemba timu ya binti ilicheza nyumbani. Mume wangu aliamka mapema, akajaza chai kwenye chupa mwenyewe. Alivaa fulana ya chuo cha binti yake, yenye namba yake mgongoni, na juu kichwani kofia yake nyekundu ya Pullman. Watu walimwangalia kama kichaa. Binti alipotoka kupasha mwili akamwona, akaziba mdomo kwa mikono. Walifungwa seti 3 kwa 1 siku ile. Baba alishangilia kama wamechukua kombe.

Sikwambii mambo yote yamekuwa asali. Desemba wenzake 3 walihama vyuo, maana siku hizi wachezaji nao wanaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima. Baba alimwambia yuko huru kuondoka. Akajibu: "Kila mtu anahama. Mimi nimechoka na kuhama, nataka kumaliza shahada yangu." Lakini aliacha somo moja gumu ili lisimwangushe, na amelirudia wakati wa kiangazi kwa gharama yetu. Hiyo ni bei, na haikuandikwa kwenye mkataba wowote wa televisheni.

Na walioachwa? Hawakufa. Walikwenda mahakamani kule Colfax, wakidai mali ya ndoa, na Novemba 2023 jaji aliwapa hao 2 uongozi wa bodi. Desemba Mahakama Kuu ya jimbo ikakataa kuingilia. Kisha wakaanza kuposa: Boise State, San Diego State, Fresno State, Colorado State, Utah State, Gonzaga na Texas State walikubali kujiunga kuanzia Julai 2026. Mume wangu anacheka sasa: "Na hao pia tumewatoa kwa ligi zingine." Sawasawa kabisa. Mwenye kuachwa naye akipata nafasi, anaachisha.

Kwa mzazi mwenye mtoto mwanamichezo

Najua Bongo na Kenya kuna watoto wengi wanaoota udhamini wa michezo Marekani. Njia ipo. Suleiman Nyambui wetu, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980, alisoma Texas El Paso, na chuo hicho nacho kimeshahama ligi. Basi kabla mwanao hajasaini, keti naye muulizeni kocha mambo haya:

Timu inasafiri mara ngapi kwa msimu, na umbali gani? Mitihani inafanywaje mkiwa safarini? Udhamini ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, na akiumia itakuwaje? Kisha muulize mwanao peke yake: kocha akiondoka, ligi ikibadilika, bado ungetaka kusoma hapa? Akisita, mwambie asubiri.

Na kwako wewe mwenye mume mwenye kofia isiyofuliwa: siku moja mkiwa mmetulia, muulize aliipataje. Mimi nilichelewa sana kuuliza. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, alinipa mwenyewe nimfulie. Nimeifua kwa mkono, maji baridi, nimeianika kivulini.